Uhandisi wa programu: Kikundi na kadi hufunza yale ambayo mihadhara haiwezi

NI vigumu siku hizi kutaja huduma ya umma isiyotegemea programu za tarakilishi. Mzazi hulipa karo kwa simu, mgonjwa husajiliwa hospitalini kwa tarakilishi, naye anayetaka pasipoti hulazimika kupitia tovuti ya eCitizen.

Programu hizo zinapokwama, foleni hurefuka na mwananchi huambiwa kwamba mitambo imegoma. Ni nadra sana kuelezwa imegoma kwa nini. Aghalabu chanzo si tarakilishi yenyewe bali ni binadamu: walioiunda programu hawakuelewana wao kwa wao, au hawakumwelewa aliyewaagiza kazi.

Ndiposa jinsi vijana wanavyofunzwa uhandisi wa programu si suala la wahadhiri pekee. Makala haya yanaeleza kwa nini kanuni za taaluma hiyo hazishiki kwa mihadhara na mitihani tu. Yanaeleza pia namna mazoezi ya usanifu, yanayofanywa vikundini kwa kadi na kalamu, yanavyoweza kuzifunza hata katika chuo kisicho na tarakilishi za kutosha.

Taaluma iliyotokana na matatizo

Kuandika programu na uhandisi wa programu si kitu kimoja. Mwanafunzi anaweza kuketi peke yake usiku kucha na kuandika programu fupi ya kujumlisha alama za mtihani, nayo ikafanya kazi barabara. Uhandisi huanza pale programu inapokuwa kubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuibeba yote kichwani, itatumiwa na watu asiowajua, na itarekebishwa na wengine baada ya yeye kuondoka.

Jina la taaluma hii lilipata umaarufu Oktoba 1968, wakati Kamati ya Sayansi ya NATO ilipodhamini kongamano mjini Garmisch, Ujerumani. Wataalamu waliokusanyika huko walikuwa na wasiwasi mkubwa. Miradi ya programu ilikuwa ikichelewa, ikipita bajeti na kujaa kasoro. Neno uhandisi lilichaguliwa makusudi, ili kudokeza kwamba kazi hiyo ilihitaji nidhamu kama ile ya wajenzi wa madaraja.

Mnamo 1975, Frederick Brooks, aliyekuwa amesimamia uundaji wa programu ya OS/360 katika kampuni ya IBM, alichapisha kitabu The Mythical Man-Month. Hoja yake inayokumbukwa zaidi ni kwamba ukiongeza watu katika mradi wa programu ambao tayari umechelewa, utauchelewesha zaidi. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hesabu yake ni rahisi. Watu 5 wakifanya kazi pamoja, kuna njia 10 za mawasiliano baina yao, maadamu kila mmoja ataongea na kila mwenzake. Wakiwa 10, njia hizo hufika 45. Idadi ya watu imeongezeka mara mbili, lakini nafasi za kutoelewana zimeongezeka zaidi ya mara nne.

Matokeo ya kutoelewana huko yamewahi kushuhudiwa na ulimwengu mzima. Mnamo Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliripuka chini ya dakika moja baada ya kurushwa kutoka Kourou, French Guiana. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambayo mwendo wake ulikuwa tofauti. Nambari moja ikawa kubwa kupita nafasi iliyotengewa, na mtambo wa kuielekeza roketi ukazimika.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 23, 1999, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikiwasili kwenye sayari ya Mirihi. Uchunguzi ulibaini kwamba programu moja ilitoa takwimu za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza, ilhali kikundi kilichozipokea kilizichukulia kuwa za metriki.

Katika visa hivyo viwili, hapakuwa na uhaba wa watu wanaojua kuandika programu. Jambo lililofahamika kwa kikundi kimoja halikufika kwa kingine, wala hapakuwa na jaribio lililolifichua mapema.

Mihadhara inapokomea

Mwanafunzi anaweza kukariri visa hivi vyote, akaviandika katika mtihani na kupata alama ya A. Hata hivyo, atakapoajiriwa atarudia makosa yale yale, kwa sababu hajawahi kuonja uchungu wake. Kwake yeye, kutoelewana ni jambo linalowapata watu wengine.

Sababu nyingine ni kwamba mazoezi ya darasani huwa yamepikwa yakaiva. Swali limeelezwa kikamilifu, jibu ni moja, na anayelitafuta ni mtu mmoja. Kazini mambo huwa kinyume: swali lina mapengo, majibu ni mengi, na watu watano wanaolitafuta wanadhani wanazungumza kuhusu kitu kimoja kumbe kila mmoja ana chake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Zoezi la chama

Tuchukue mfano wa chama, kwani ni vigumu kumpata mwanafunzi Mkenya asiyejua chama ni nini. Mhadhiri anawagawa wanafunzi katika vikundi vya watu 5. Kila kikundi kinapewa kadi tupu zipatazo 20, kalamu, na ukurasa mmoja wa maelezo: chama chenye wanachama 30 kinataka programu ya kuhifadhi kumbukumbu za michango, mikopo na faini. Hakuna tarakilishi inayowashwa.

Hatua ya kwanza ni kumhoji mteja. Mhadhiri, au mwanafunzi aliyeandaliwa, anakuwa mweka hazina wa chama. Ameagizwa kujibu anachoulizwa tu, bila kuongeza neno. Katika ule ukurasa wa maelezo mna sentensi iliyotegwa: mkopo hutozwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Sentensi hiyo inaonekana wazi kabisa, hadi vikundi vinapoombwa kukokotoa riba ya mkopo wa Sh12,000 unaolipwa kwa miezi 12, Sh1,000 za mkopo kila mwezi. Kikundi kinachotoza riba kwa mkopo wa awali kitapata Sh120 kila mwezi, yaani Sh1,440 kwa mwaka. Kinachotoza riba kwa salio pekee kitapata Sh120 mwezi wa kwanza, Sh110 wa pili, hadi Sh10 mwezi wa mwisho, jumla Sh780.

Vikundi vyote viwili vimekokotoa bila kosa, lakini vimetofautiana kwa Sh660. Hapo ndipo mhadhiri anapotaja kanuni: mahitaji ya mteja hayakisiwi. Huulizwa, huandikwa pamoja na mfano wa tarakimu, na mteja akathibitisha mfano huo kabla ya kazi kuanza. Mwanafunzi aliyeona Sh660 zikipotelea katika sentensi moja fupi hatahitaji kuikariri kanuni hiyo.

Humu nchini tunao mfano mashuhuri wa thamani ya kumsikiliza mtumiaji. Huduma ya M-Pesa ilipofanyiwa majaribio 2005, ilinuiwa hasa kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Waliohusika wakagundua kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa shughuli nyingine, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani.

Kadi zinapoanza kusema

Hatua ya pili ni usanifu wenyewe. Hapa hutumika mbinu iliyoelezwa 1989 na Wamarekani Kent Beck na Ward Cunningham, waliotafuta njia nyepesi ya kuwafunza watu kufikiria programu kama mkusanyiko wa sehemu zinazosaidiana. Walitumia kadi za kawaida za inchi 4 kwa 6. Kila kadi huandikwa mambo matatu: jina la sehemu, wajibu wake, na sehemu nyingine inazoshirikiana nazo.

Katika zoezi letu, kikundi kinaweza kuwa na kadi ya Mwanachama, ya Mchango, ya Mkopo, ya Malipo na ya Faini. Wajibu wa kadi ya Mkopo, mathalani, ni kujua kiasi kilichokopwa, kukokotoa riba na kujua salio. Washirika wake ni Mwanachama na Malipo.

Kisha kila mwanafunzi anashika kadi yake mkononi na kusimama badala yake. Mhadhiri anatangaza tukio: mwanachama ameleta Sh1,120 siku 3 baada ya tarehe ya kulipa. Mwenye kadi ya Malipo anasema amezipokea pesa na anauliza azikabidhi kwa nani. Mwenye kadi ya Mkopo anasema atapunguza deni. Je, nani ametambua kwamba malipo yamechelewa?

Mara nyingi mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama wanafunzi wawili hujibu kwa pamoja kwamba wao ndio wanaotoza faini, au wote hunyamaza. Katika hali ya kwanza mwanachama angetozwa faini mara mbili. Katika ya pili asingetozwa kabisa. Kasoro ambayo ingegunduliwa baada ya miezi kadhaa ya matumizi imejitokeza kwa dakika chache, na imerekebishwa kwa kufuta mstari mmoja.

Mteja anapobadili nia

Hatua ya tatu ndiyo inayowachoma wanafunzi zaidi. Vikundi vinapodhani vimemaliza, mweka hazina anarudi na habari kwamba mkutano mkuu umepitisha uamuzi mpya. Riba iliyokuwa ikitozwa kwa mkopo wa awali sasa itatozwa kwa salio pekee.

Kikundi kilichoweka hesabu ya riba katika kadi ya Mkopo pekee hurekebisha kadi moja, kikatulia. Kikundi kilichoruhusu kadi za Malipo, Mwanachama na Mkopo zikokotoe riba kila moja kivyake hulazimika kufuta kwingi, na aghalabu husahau kadi moja. Kadi hiyo iliyosahaulika ndiyo itakayowafanya wanachama wagombane na mweka hazina wao.

Kanuni inayodhihirika hapa ilielezwa 1972 na David Parnas, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Marekani. Parnas alisema programu isigawanywe kwa kufuata mpangilio wa hatua za kazi tu. Kila sehemu ifiche ndani yake uamuzi mmoja unaoelekea kubadilika siku zijazo, ili ukibadilika, sehemu nyingine zisitikisike. Maelezo hayo husomeka kama fumbo katika kitabu, lakini mbele ya kadi zilizojaa mikwaruzo ya kalamu maana yake huonekana mara moja.

Kurithi kazi ya mwenzako

Hatua ya nne ni kubadilishana. Kila kikundi kinakabidhi kadi zake kwa kikundi jirani na kupokea za wengine, kisha kinapewa jukumu la kuongeza jambo jipya: chama kimeamua kugawa faida mwishoni mwa mwaka. Hairuhusiwi kuwauliza wasanifu wa awali chochote. Kilichoandikwa ndicho kitakachotegemewa.

Wazo hili lina historia. Mnamo 1977, James Horning na David Wortman wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walieleza kozi waliyoiandaa mithili ya mchezo na kuiita Software Hut. Vikundi vya wanafunzi viliunda sehemu za programu, vikauziana, na vikalazimika kurekebisha vilichonunua. Mwanafunzi aliyezoea kuandika ovyo kwa kujua kwamba msomaji ni yeye mwenyewe alijikuta mnunuzi wa uovyo wa mwenzake.

Fauka ya hayo, kubadilishana huku kunatoa nafasi ya kufunza majaribio. Kabla ya kuongeza chochote, kikundi kinachopokea kinaandika matukio 10 na kuyapitisha kwenye kadi, kikitafuta palipo na pengo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa likiwa bado kwenye kadi linahitaji kifutio tu, ilhali likishaingia katika matumizi linahitaji kurejeshea wanachama 30 pesa zao na kuwaomba msamaha.

Zoezi linahitimishwa kwa mjadala. Kila kikundi kinaeleza kilichokisia bila kuuliza, kilichobadilika, na ambacho kingefanya tofauti. Mhadhiri asipuuze sehemu hii. Bila mjadala, wanafunzi watakumbuka kicheko cha siku hiyo na kusahau kanuni zilizojificha nyuma yake.

Pingamizi na majibu yake

Wapo wahadhiri wanaosita, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni wanafunzi wazembe wanaojificha nyuma ya bidii ya wenzao. Tiba yake ni kuchanganya alama za kikundi na za mtu binafsi. Baada ya zoezi, kila mwanafunzi aandike peke yake ukurasa mmoja akifafanua kadi ambayo si yeye aliyeishika. Asiyeshiriki hataweza kuifafanua. Aidha, wanakikundi wanaweza kutathminiana kwa siri.

Ya pili ni kinyume chake: mjuaji anayetawala kikundi chote. Kanuni ya kadi humdhibiti kwa kiasi fulani, kwani anayeruhusiwa kusemea kadi ni yule aliyeishika. Mwanafunzi mpole hupata zamu yake ya kusema, na mjuaji hulazimika kungoja aulizwe.

Ya tatu ni wingi wa wanafunzi. Darasa la wanafunzi 200 lina vikundi 40, na mhadhiri mmoja hawezi kuwa mweka hazina wa vikundi hivyo vyote. Wanafunzi wa mwaka wa juu waliokwisha kupitia zoezi hilo wanaweza kuandaliwa kuchukua nafasi hiyo. Nao hunufaika, kwa sababu anayejifanya mteja huanza kuelewa jinsi mteja anavyofikiri.

Ya nne inahusu muda. Zoezi kama hili huchukua saa tatu hivi, na katika saa tatu mhadhiri angemaliza sura nzima ya kitabu. Hata hivyo, swali linalofaa kuulizwa ni sura ngapi mwanafunzi atabaki nazo mwaka mmoja baadaye, wala si ngapi zilizosomwa.

Ni muhimu pia kukiri mipaka ya kadi. Kuna kasoro zisizoonekana hadi programu ianze kufanya kazi kwa hakika: kujikokota inapotumiwa na maelfu ya watu, mianya inayotumiwa na wezi wa mitandaoni, au watu wawili wanapobadilisha kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Kadi ni hatua ya kuingilia. Baada yake, wanafunzi hawana budi kuunda programu kamili, wakiwa bado vikundini.

Yanayohitaji kufanywa

Hapa ndipo penye pengo katika vyuo vyetu vingi. Mradi wa mwaka wa mwisho, ambao ndio kilele cha masomo, aghalabu hufanywa na mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa upande mwingine, miongozo ya mtaala wa uhandisi wa programu iliyotolewa 2004 na kurekebishwa 2014 na mashirika ya ACM na IEEE Computer Society hutilia mkazo mradi mkubwa wa kuhitimisha masomo na stadi za kufanya kazi kwa pamoja.

Mradi wa mtu mmoja una faida yake, hasa kwa mtahini anayetaka kujua nani alifanya nini. Tatizo ni kwamba kijana anaweza kuhitimu baada ya miaka minne bila kuwahi kusoma programu iliyoandikwa na mwenzake, wala kuhojiana na mteja aliyebadili nia. Kazi ya kumfunza hayo huachiwa mwajiri, na gharama ya makosa yake ya kwanza hubebwa na wanaohudumiwa na programu hiyo.

Shule zetu tayari zimeanza kuelekea huko. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umeorodhesha mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi, sambamba na ujuzi wa kidijitali. Kundi la kwanza la wanafunzi wake linatarajiwa katika vyuo vikuu 2029. Itakuwa ajabu iwapo watatoka katika madarasa ya kujadiliana na kutenda, kisha wakaketishwa kimya kunakili maelezo kutoka ubaoni.

Mageuzi yanayopendekezwa hapa hayahitaji ufadhili wa kigeni wala maabara mpya. Karatasi ya manila iliyokatwa vipande hutosha kuwa kadi. Kinachohitajika ni mhadhiri kutenga saa tatu katika muhula, idara kuruhusu miradi ya vikundi yenye kanuni bayana za utahini, na wote kukubali kwamba kelele za darasa linalobishana kuhusu riba ya chama ni sehemu ya somo.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hakuna aliyejifunza uhunzi kwa kusikiliza sifa za chuma, na kijana atakayeunda programu ya hospitali au ya chama cha akiba anahitaji kuwa amevukuta kwanza, pamoja na wenzake, mahali ambapo kosa lake hugharimu kadi moja tu.